Ndege Niliyemwona Akilia

Kilole, Jumapili, Novemba

Sikumsikia kabisa. Leo asubuhi huko Kwedizinga mke wangu, Zaina, alinishika mkono akanong'ona, "Huyo hapo kichakani, analia." Nikamwona kwenye kamera: mmoja wa wale ndege wadogo wanaokimbia baridi ya Ulaya, mdomo wazi, koo likitetemeka. Nikapiga picha. Kwangu mimi, kimya kitupu.

Wanafanana mno, siku zote nimewatambua kwa sauti zao nyembamba, za juu sana. Mwaka jana tu niliwasikia vizuri.

"Nimemsikia," nikamdanganya.

Mbele kidogo Zaina akasimama. "Na huyu je?"

"Namsikia."

"Hapa hakuna ndege, Baba Asha."

Kesho ananipeleka hospitali. Naogopa. Sijui ni sauti ngapi nyingine zimeshapotea bila mimi kujua.