Nyuzi Nyeusi za Neema

Baba Neema mpenzi,

Mvua ya Tukuyu haikatiki, lakini leo hata ukungu nauona mzuri. Kwenye simu nilikuambia tu kwamba mtoto ni mzima. Mengine niliona aibu kuyasema mbele ya mama yangu.

Zile nyuzi nyeusi kwenye choo cha Neema, nilizokulilia kwamba ni minyoo, nilizipeleka maabara hapa Bulyaga. Mtaalamu akaziweka kwenye hadubini, akachungulia, akauliza, “Mama, mmetoka wapi?”

“Dodoma.”

Akacheka. “Basi tumbo lake bado geni. Huyu kala ndizi mbivu tu.”

Akaniita nichungulie mwenyewe. Kweli, ni nyuzi za ndizi, hazina kichwa wala mkia, na mayai ya minyoo hamna. Nikamwuliza kama hawana hadubini kubwa zaidi, tuhakikishe. Akasema ile ya kielektroni ni ya kutafutia virusi, siyo ndizi!

Niliporudi, mama hakuuliza majibu. Alikuwa ameshammenyea Neema ndizi nyingine.

Tumekukumbuka sana. Mama anakufungia mkungu mzima. Ukishakula ukaona nyuzi, tafadhali usilie.

Mama Neema