Taalai, Uliyekimbizwa Ukiwa na Homa

Mwaka umetimia, Taalai, tangu gari la chuo cha kijeshi likushushe hapa Naryn ukiwa ndani ya sanduku, na sisi hatujapoa hata kidogo. Wewe pumzika. Sisi bado tuna maneno.

Ulikuwa mpole mpaka unakera. Ukija likizo, hukumwachia Mama hata ndoo ya maziwa abebe. Chuoni ulimenya viazi gunia zima huku karatasi ya kanuni za mizinga umeipachika ndani ya kofia, unamenya unakariri. Dada yako Saikal alikuuliza kwenye simu, hivi mnasomaje na kazi zote hizo?

"Wima, Dada. Ukikaa tu, umelala." Ukacheka. Na hesabu ukaongoza darasa zima.

Siku ile homa ilikushika. Nurdolot, wa kitanda jirani na chako, alikwambia, "Twende kwa daktari, wewe. Unawaka!" Ukamjibu, "Nikilazwa nakosa mtihani, nikikosa narudishwa nyumbani. Baba alichinja farasi nilipochaguliwa, kijiji kizima kikala. Nitawatazamaje?"

Ee Taalai! Farasi ni kitu gani? Baba yako anarudia hivyo kila siku, peke yake, huko zizini.

Ukasinzia darasani. Meja aliyekuwa akiwafundisha akakutoa nje ukimbie na mfuko wa mchanga mgongoni. Ukamwambia unaumwa. Akasema, "Homa waachie wasichana." Ukakimbia mpaka ukaanguka, na hukuamka tena.

Wakatuletea karatasi eti moyo wako ulikuwa mbovu. Moyo gani? Madaktari wao wenyewe ndio waliokupima wakakupitisha! Nurdolot akasema kweli mbele ya wakubwa, wakamfukuza chuo. Meja wakampandisha cheo. Hatuoni haya kusema kwamba tuna hasira, tena hasira ya kutunyima usingizi.

Jumamosi tunafanya hitima yako ya mwaka. Meja ametuma salamu kwamba atakuja, na sare yake mpya. Baba alitaka kumngoja barabarani na mjeledi. Mama akamkatalia.

"Mwache aje. Mgeni wa hitima hafukuzwi. Ila nyama nitagawa mimi."

Kwetu mfupa wa nyonga ni wa mgeni mkubwa kuliko wote, na huyo huketishwa ndani kabisa, mbali na mlango. Mama ameshaamua: mfupa na nafasi hiyo ni vya Nurdolot. Meja ataketi mlangoni, penye viatu, mbele za watu wote. Atapewa bakuli la mchuzi mtupu, na Mama atasimama hapo hapo mpaka alimalize.

Tunaokulilia ni baba yako Toktosun, mama yako Burulcha, dada yako Saikal, shemeji yako, na Nurdolot, ambaye sasa ni mtoto wa nyumba hii.

Tutakukumbuka daima. Na aliyekukimbiza tutamkumbuka pia.