Tulisimama Njia Panda Tukingoja Mluzi Wako

Ni mwaka mmoja sasa tangu pumzi yako ilipokatika, Baba Watoto, na familia yako bado haijui pa kugeukia. Watu walituambia muda ni dawa. Tumeinywa dawa hiyo asubuhi na jioni, nafuu hatujaiona.

Wengi wanaosoma kumbukumbu hii walikufahamu kwenye yadi ya maghala, ndani ya fulana yako ya rangi ya chungwa, ukiyaongoza malori kurudi kinyumenyume hadi mlangoni. Madereva walikuita Mzee Kata, kwa ajili ya ile "kata, kata, kata tena!" Injini zilipoizidi sauti yako, ulipiga mluzi. Mrefu: njoo. Miwili mifupi: kata kushoto. Mitatu: kata kulia. Mmoja mkali: simama hapo hapo, utaua mtu. Dereva mgeni akikosea hukumtukana. Ulimpa maji kwanza, ndipo ukamweleza.

Sisi tulikufahamu zaidi siku za mapumziko, katika bustani ya msitu nje ya mji. Ulitaka tufike kabla umande haujakauka. Ulibeba mkeka na chupa ya chai, ukakaa nyuma ya wote, maana ulisema anayetangulia haoni nani amebaki. Basi tukatangulia kama malori yako, tukipiga soga, na mluzi wako ukatugeuza penye mianzi, ukatugeuza tena darajani, mpaka bwawani kwa bata maji. Hatukuwa na haja ya kuitazama njia.

"Baba, sisi si malori!" kitinda mimba wako alilalamika siku moja.

"Kweli, malori yananisikia," ulimjibu. "Nyinyi mna midomo tu. Na mama yenu huyo ndiye trela."

Nilikununia mpaka bwawani. Huko ukamenya chungwa, ukanipa lote, nikasahau kuwa nimenuna.

Kisha mapafu yakaugua. Pumzi ile iliyotuongoza ndiyo iliyoanza kukuacha. Mjukuu wako, uliyemwita Bosi, alikuja hospitalini na mama yake, akakuomba umpigie mluzi. Ukakunja midomo, ikatoka hewa tupu.

"Bosi," ukasema, "lori leo halina upepo."

Tukacheka. Ee Mungu, tulicheka, na hiyo ndiyo jioni yako ya mwisho.

Niliomba sana upone, mume wangu. Baada ya kukuzika niliomba nielewe. Siwezi kusema uongo mbele za Mungu: siku nyingi napiga magoti na kuinuka vilevile, moyo mzito kama gunia lililonyeshewa. Bado naomba, kwa sababu sijui pengine pa kwenda.

Mwezi uliopita tulijikaza, tukarudi bustanini. Tulikwenda vizuri mpaka penye mianzi, pale njia inapogawanyika. Kibao kilichokuwapo kimeoza, kimebaki kigingi. Tukasimama wote bila kuambiana, kama tulivyosimama miaka yote. Tukangoja.

"Ni huku," mwanao mkubwa akasema.

"Umejuaje?" kitinda mimba akamuuliza. "Tangu lini wewe ukaijua njia?"

"Sasa nani aongoze? Wewe?"

"Si wewe, kaka. Hata hospitali ulifika mambo yameisha."

Neno likishatoka halirudi. Kaka mtu akageuka mbali nasi, akakunja midomo, akapiga miwili mifupi, vizuri kabisa, kama wewe. Hakuna aliyeinua mguu. Yeye mwenyewe hakuinua. Akafuta uso kwa mkono wa shati, na mimi mama yake sikuweza kumfikia, nilikuwa nimeshika mkeka tu.

"Bibi," Bosi akaninong'oneza, "huyo ni baba. Babu bado hajapiga."

Tulirudi getini, tukanywa chai tukiwa tumesimama, kila mmoja akitazama upande wake. Tangu siku hiyo wanao hao wawili hawapigiani simu. Nikimtaja mmoja, mwingine anabadilisha mazungumzo. Ndicho ninachokiogopa kuliko upweke wa kitanda chetu: kwamba umeondoka na familia yako nzima.

Jumamosi hii nimewaita tena, wote. Kila mmoja ameitikia "tutaona, Mama," na wewe unalijua jibu hilo. Wakija, nitakaa nyuma mimi, nibebe mkeka na chupa. Darasa la jioni la kujifunza kusoma, ulilokuwa ukinisindikiza na kunisubiri nje hata kwenye mvua, limeniwezesha kuandika haya kwa mkono wangu. Mluzi hawafundishi. Nimejaribu jikoni nikiwa peke yangu, inatoka hewa tupu, kama yako ya mwisho.

Mungu akulaze pema, mahali penye miti na maji. Nasi atuonee huruma.

Unakumbukwa na mkeo, mwanao mkubwa na mkewe, kitinda mimba wako, mjukuu wako Bosi, dada yako, pamoja na madereva na wapakiaji wa yadi, wanaosema malori siku hizi yanagonga ukuta.

Daima tutakukumbuka, Baba Watoto. Tumesimama hapo hapo ulipotuacha, penye mianzi, na hakuna anayegeuka nyuma, kwa kuogopa kuona kwamba hupo.