Marashi niliyopulizia violon ya Gracia

Leo siku ya posho, kesho siku ya Mungu. Baridi iko, vumbi iko.

Wenye kunisomaka hapa munajua mutoto wangu Gracia. Hata munachoka na sifa zangu, najua. Lakini korali ya kanisa yetu ya Ruashi iko na violon moya tu, ile fidla ya upinde, na maître, mwalimu wa korali, aliipatia yeye, mutoto wa mama mwenye kuuzisha samaki. Hakupatia batoto ba bakubwa.

Juzi alirudi na habari: siku ya Mungu ku misa atapiga peke yake. Nilifanya namna tunafanyaka mutoto akishinda. Nilimumwangia poudre ku kichwa, nikamupulizia marashi. Na violon nayo nikaipulizia. Si ilishinda nayo?

Asubui yake vernis, ile rangi ya kungarisha ubao, ilikuwa nyeupe-nyeupe, inanata. Miye mwenye akili, nikapangusa. Nyuzi za kitambaa zikabakia mule.

Violon si yetu.

Tulikimbia nayo Kamalondo kwa Papa Sylvain, mwenye kupakaa vernis ku meza na viti. Aliinusa, akauliza nani aliipeleka ku ndoa. Gracia alicheka kidogo. Miye sikuweza.

Alituelezea kama vernis ya zamani inayeyuka na alcool, ile pombe kali, na marashi ni alcool. Kisha akafunga pamba mu kitambaa laini, akailowesha mu vernis yake, nayo inanuka alcool. Nikamushika mukono.

"Papa, unaimalizia kuiharibisha?"

"Mama, achilia. Yangu nayo itayeyusha ile ya zamani kidogo, ikamatane na ile mupya. Kungaa itangaa. Sauti, sijue. Nikipakaa mingi, ubao utanyamaza."

Alipitisha ile pamba mbio-mbio bila kusimama, sababu ikisimama inangoa vernis. Nilikuwa naomba Mungu mu moyo.

Sasa violon inaninginia ku kamba mu chumba yetu, inangaa kupita sahani zangu za ndoa. Hatuwezi kuigusa mpaka ikauke, kidole inaacha alama. Kwa hiyo hatujue kama ingali inaimba. Tutajua kesho, mbele ya bantu bote.

Gracia anasema tunyamaze, maître hataona. Mutoto anataka kunifichia kosa yangu. Ile njo inaniogopesha kupita yote: sauti ikikataa, batasema yeye hajue kupiga, na violon itaenda kwa mwingine.

Nimeamua. Kesho asubui, kabla ya misa, nitaenda kwa maître, nimuambie ni miye, mama yake. Akitaka kukasirika, akasirikie mukubwa. Nitamuomba tu amusikie mutoto kwanza.

Lakini nitaweza kusema yote bila kulia?