Kuku wa Nyuzi Nyekundu

Kilo, 4 Februari 2007

Wifi yangu mpendwa Valérie,

Salamu nyingi kutoka huku. Hujambo? Mgongo wako unasemaje? Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha. Nyumba nimeiezeka upya na shamba nimeanza kulilima. Tangu nirudi sijasikia risasi hata moja.

Kaka yako angekuwa hai tungeamua pamoja. Sasa nimeamua peke yangu: naomba unirudishie Vero. Tangu tulipokimbia anakula kwako, nami nakushukuru kwa moyo wote, lakini nyumba bila mtoto wangu inanishinda. Fulgence anashuka Bunia na gari lake la mizigo kila wiki. Atampandisha mbele, karibu naye.

Wifi yako,
Mama Vero

Bigo, Bunia, 18 Februari 2007

Mama Vero, wifi yangu,

Nimefurahi kusikia habari zako, na hicho kikohozi kisirudi! Mgongo wangu ni uleule, unalalamika kuliko mwenyewe. Vero ni mzima, amenenepa.

Kila Jumamosi nakusanya watoto wa jirani uani, tunafumua matriko, yale masweta ya zamani, na kutengeneza wanyama. Uzi unauzungusha kwenye vidole mpaka uwe mnene, unaufunga katikati kwa nguvu, unakata ncha pande zote mbili, na duara la manyoya linachanua. Hilo ndilo pompon. Ukiunganisha mawili umepata sungura au paka. Vero alianza na mbuzi, akamfunga legelege, mbuzi mzima akamwagika miguuni pake. Tulicheka sana! Sasa ametengeneza kuku mwekundu, mdomo ni punje ya mahindi. Amemfunga kamba kwenye mguu wa kitanda, vile tunavyomfunga kuku aliyetoka sokoni. Nilipomuuliza mimi shangazi yake, akasema: "Tantine, iko mugeni. Hajazoea hapa."

Nilipomwambia ajiandae kurudi kwako, aliuliza jambo moja tu: "Mama angali analalaka na viatu?" Nilikumbuka mlivyofika hapa, ukakataa kuvivua hata kitandani, ili ikibidi kukimbia tena uwe tayari. Nakuuliza wewe.

Wifi yako,
Valérie

Kilo, 4 Machi 2007

Valérie,

Natumaini mu wazima.

Nilikuomba mtoto, umeniletea habari za kuku. Mambo ya viatu nani amemkumbusha? Mimi ndiye niliyemzaa, na naogopa akikaa huko zaidi ataniita mimi tantine. Mpe Fulgence amlete wiki hii.

Micheline

Bigo, 11 Machi 2007

Wifi,

Amani iwe kwako. Sikukasirikii.

Nilimvalisha Vero gauni la Jumapili, tukaenda mpaka kwenye gari. Alimpa Fulgence yule kuku pamoja na kamba yake, kisha akashika kitenge changu na kukataa kupanda. Nakuandikia maneno yake, sijaongeza langu: "Mama amufunge kwanza kule. Kuku akishazoea, njo miye nitaenda. Lakini Mama asinidanganye."

Ungekuwepo usingeweza kumvuta. Mimi nilishindwa.

Wifi yako,
Valérie

Kilo, 1 Aprili 2007

Wifi yangu,

Hamjambo nyote? Mgongo? Nisamehe ule ukali wangu. Nilikuwa naona wivu, na wewe hukunikosea kitu.

Kuku alifika, jicho moja limedondoka njiani. Nimemfunga kwenye mguu wa kitanda. Fulgence alipopita leo alfajiri nilitaka kumpa neno rahisi tu: kuku amezoea, mleteni mtoto. Nani angejua? Niliinama kumfungua kuku, nikaiona miguu yangu. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka kitandani, na viatu nimevaa. Ndivyo ninavyolala siku zote, wifi, na furushi la nguo liko karibu na mlango. Ile amani niliyokuandikia ni ya mchana tu. Jua likizama siioni.

Mwambie Vero kuku hajazoea bado. Mwambie Mama hakudanganya. Namtaka sana, lakini akae kwako.

Wifi yako,
Mama Vero

Kilo, 21 Oktoba 2007

Wifi yangu mpendwa,

Mu wazima? Mimi ni mzima, na maharage yamezaa vizuri mwaka huu.

Usiku wa jana mvua ilinyesha, na asubuhi nimekuta viatu vyangu nje, vimejaa maji. Nilivisahau huko. Nililala pekupeku bila hata kujua.

Mwambie Vero leo nimemfungua kuku, na hajaenda popote.

Mama Vero