Mzigo wa Mtoto wa Joyline

Migori,
15 Mei 1996

Mdogo wangu Joyline,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa huyo mgeni wenu mdogo. Habari za mtoto zilitufikia Jumapili, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio.

Baba unamjua. Tangu uolewe huko kisiwani Rusinga bila ruhusa yake, miaka miwili hajataja jina lako. Lakini Jumatatu alirudi kutoka sokoni na blanketi la manjano na unga wa wimbi. "Tutafute njia ya kupeleka hivi," akasema, hata hakuniangalia.

Jana tulienda posta. Karani akasema mzigo utachukua wiki moja. "Mtoto atakuwa ameota meno!" Baba akafoka. Kwenye ofisi ya basi tukaambiwa mzigo utashushwa njiani, Rodi Kopany, ungoje gari lingine. Akakataa, eti unga utanyeshewa. Mubarak mwenye duka, anayekwenda Mbita, hapo karibu na kwenu, kesho kununua samaki wa omena, akajitolea kuubeba bure. Baba akasema Mubarak ni mtu mwema, lakini hajui kushika vitu vya mtoto.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamuuliza, "Sasa Baba, nani anafaa?"

Alichukua viatu vyake vya kanisani akaanza kuvipiga rangi. Baadaye akauliza, "Joyline bado anapenda chai ya maziwa mengi?"

Mubarak nitampa barua hii tu. Baba atafika kwako Jumamosi na mzigo wake. Atasema ameuleta tu na anarudi. Usimkubalie. Mweke mtoto mikononi mwake kabla hajaketi.

Dada yako, anayecheka peke yake jikoni,
Jerusha