Uvamizi Alioupanga Baba

Mtaa wa Tena, Nairobi

Kwa ndugu yangu mpendwa Sylvance,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo wewe, na wifi yangu Mukami hajambo? Whitney ameanza kutembea, au bado anasota kwa makalio kama ulivyosota wewe? Sisi huku tu wazima, ila maji ya mfereji huja yakitaka. Ningekupigia simu, lakini kila nikimtaja Baba unakata. Basi leo nakuandikia, na ukiikunja barua hii kabla ya mwisho nitakuja Nakuru kukusomea mwenyewe.

Tangu astaafu reli, Baba amehamia ndani ya simu yake. Anatazama video za silaha ambazo Wajerumani walizipanga katika Vita Vikuu vya Pili na hawakuwahi kuzitumia. Chai tunainywa na ndege ya roketi iliyochorwa ili ikapige Amerika. Chakula cha jioni tunakila na roketi za kuvutwa baharini na nyambizi. Nimeyajua hata nisiyoyataka.

Sasa, wanaume wa kanisa letu hukutana Jumamosi, na baada ya chai mmoja wao hutoa mafunzo. Zamu ya Baba ilipofika, mwenyekiti wao, Nyongesa, alitangaza kwamba Mzee Okoth atazungumzia maisha ya reli. Baba akasimama, akaanza na Wajerumani. Mimi nilikuwa namimina chai, nikatamani ardhi inimeze. Nyongesa akaninong'oneza, eti buda wako ametoa wapi hizo stori.

Alieleza jinsi walivyotaka kuvamia Uingereza mwaka wa 1940. Walikusanya matishari, zile mashua bapa za kubebea mizigo mitoni, ili yavushe askari. Hapo Baba, mtu wa reli, alikasirika kabisa: matishari hayo ndiyo yaliyokuwa yakibeba makaa yao wenyewe. Uvamizi haukufanyika, na mizigo ya kwao ikakwama.

Kisha akavua miwani. Akasema naye aliwahi kupanga uvamizi. Ulipomwoa Mukami, na Baba hataki kwa kuwa Mukami si Mjaluo, aliwaandaa ami zetu wawili na gari la kuja kukurudisha kwa nguvu. Safari ilivunjika kwa sababu ami hao waligombania nani aketi mbele. Alisema anamshukuru Mungu kwa ugomvi ule, lakini maneno makali aliyokutumia yalikuwa yameshafika, na mwana aliyekuwa akimpigia kila Jumapili akanyamaza. Alilia mbele ya wanaume wenzake, Sylvance. Nami nililia, birika mkononi.

Jambo lenyewe ni hili: Baba ndiye aliyeniomba nikuandikie. Anataka kuja kwenu peke yake, ale atakachopikiwa, na amwombe msamaha Mukami kabla hajakuomba wewe. Nimemwambia haji mpaka Mukami akubali, akasema hivyo ndivyo inavyofaa. Kwa hiyo usinijibu wewe. Mpe wifi barua hii, jibu litoke kwake, na akikataa hakuna atakayemsumbua. Mimi moyo wangu unaniambia atakubali, na nimefurahi mno kuandika hivyo.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na Mungu awatunze. Baba yuko sebuleni, simu ameizima. Ameniuliza kama Whitney huogopa wazee wenye ndevu, ili anyoe.

Ni mimi dada yako,
Elsie Apondi